Ng'ombe Ana Miguu

Mutheu mwanangu,

Uko kwa msusi, na zile rasta nyembamba ulizochagua hazitaisha mapema, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia. Mambo ya godoro, gesi na kufuli sitayaandika. Umekaa hosteli miaka yako yote ya chuo na hukufa njaa. Tena Kajiado si ng'ambo. Ukikosa unga utapanda gari uwe hapa Kitengela kabla ugali wa mchana haujapoa. Safari yako hainitishi. Kinachonitisha ni ile meza unayokwenda kukalia.

Jumapili kanisani mchungaji alikusimamisha mbele, akaomba watu wakupigie makofi kwa kupata kazi katika ofisi ya bajeti ya kaunti. Ulitabasamu, nami nikatabasamu. Tulipotoka nje, Mama Kevo wa duka la chakula cha kuku akanikumbatia, akaninong'oneza, "Sasa tuko na mtu wetu ndani. Hata sisi tutaonekana." Nikamjibu amina. Amina hiyo imenikaa kooni tangu siku ile, kwa sababu najua anachomaanisha mtu akisema mtu wetu, na najua nani hula na nani hulala njaa mtu wetu akiingia ndani.

Habari za ule mfuko wa pesa za tabianchi unazijua. Mtaa mzima unazijua, na wengine wakiniona nikipita hukumbuka na kucheka. Sikuandikii kutubu. Kutubu nilishatubu, na hakukumsaidia mtu. Nataka tu uone jinsi mambo yalivyokuwa yakionekana nikiwa nimekaa upande wangu, maana kuanzia wiki hii wewe utakuwa umekaa ule mwingine.

Mfuko wenyewe ulikuwa kitu kizuri. Kila mwaka kaunti ilitenga fungu la pesa kwa ajili ya mambo ya tabianchi: mabwawa, mitaro, miti ya kushika kingo za mto. Tofauti yake na pesa nyingine ni kwamba hakuna mkubwa aliyeweza kulichota akalipeleka kwingine. Kamati ya wadi, watu tuliochaguliwa barazani kwa kunyoosha mikono, ndiyo iliyoamua ni kazi gani ifanywe. Na pesa zikishatengewa kazi hiyo, hazikutoka mpaka kamati yenyewe iombe zitoke. Kufuli ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo tulikuwa nao sisi: mimi kwa niaba ya watu wa ploti, yaani sisi tulionunua vipande vya ardhi tukajenga, Mama Resian kwa niaba ya wafugaji wa upande wa Kisaju, na wengine wachache ambao mara nyingi walikuja kwa ajili ya chai.

Mama Resian ndiye aliyekulea kwa maziwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimkimbilia langoni asubuhi kabla hata hujavaa viatu. Aliita "Sopa, Mama Mutheu," nami nikaitikia "Ipa," na Kimaa changu kikaishia hapo. Tulikubaliana mimi na yeye hapa jikoni, kabla hata ya kikao cha kamati. Kwanza ichimbwe silanga ya Kisaju, bwawa la kunasa maji ya mvua ili mifugo isife kiangazi; baadaye, pesa za mwaka unaofuata zijenge mitaro ya mtaa wetu. Kamati ikapitisha vivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa mtu mwenye akili timamu.

Kisha masika yakaja na hasira, mto ukajaa, na maji yakaingia mtaani kupitia kule ambako watu walijenga juu ya njia yake. Banda la vifaranga lilikuwa la kwanza. Uliingia mle ndani na nguo zako nzuri, ukawa unawaokota mmoja mmoja na kuwaweka kwenye karai, na wengi walikuwa wamekufa tayari. Mimi nilisimama tu. Vifaranga wale walikuwa wamebakiza muda mfupi waende sokoni. Kulipokucha tukawazika nyuma ya choo katika shimo moja, na wewe ukaniambia, "Mum, ingia ndani upumzike." Sikuwa na hamu ya kupumzika. Nilitaka mtu wa kumlaumu.

Matope hayajakauka, akaja yule kijana wa ofisi ya kaunti. Namwita kijana kwa sababu alikuwa na umri wa kukuposa. Alivaa gambuti, akazivua mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi. Alisema pole, tena pole ya kweli, si ile ya kusemea simuni. Akanywa chai kwenye kikombe chenye alama ya tope na hakukipangusa. Nikampenda, Mutheu. Nikawaza, huyu amelelewa na mtu. Ndipo akasema taratibu, huku akitazama chini:

"Mama, pesa iko. Shida ni imefungiwa kwa ile silanga. Lakini nyinyi kamati mkiomba ifunguliwe juu ya hii mafuriko, itafunguliwa. Sisi hatuwezi guza. Lazima iwe ni nyinyi mmeomba."

Ulikuwa umekaa kwenye kochi. Alipoondoka uliniambia, "Mum, hiyo pesa ukiifungua hutaweza kuifunga. Huyo hajasema itaenda kwa mitaro. Amesema tu itatoka." Nikakujibu kwamba usome vitabu vyako, vifaranga hawakuwa wako. Ukaenda kuosha vikombe. Ulikuwa na haki ya kunifokea na hukunifokea, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au ulikuwa umenikatia tamaa.

Baraza likaitwa. Ukumbi ulijaa watu wa mtaani, wengi kuliko wafugaji, maana sisi tunafika kwa miguu na wao wanatoka mbali. Mama Resian alisema maneno machache. Alisema mvua haijai tumboni mwa ng'ombe ikakaa huko mpaka mwakani, kiangazi kinakuja, na yaliyokubaliwa yamekubaliwa. Akaketi. Nikasimama mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha, na nilipoona watu wananisikiliza nikayasema kwa sauti ya madaha: "Jamani, ng'ombe ana miguu. Kukikauka atahama. Mimi nyumba yangu haina miguu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akavua kofia. Nami nikasimama pale nikiusikia utamu wake, kwa sababu hakuna utamu kama wa kuwachekesha watu wanaokuunga mkono. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikawa kamati imeomba. Yule kijana hakusema neno mkutano mzima. Hakuwa na haja ya kusema.

Mama Resian akainuka. Alifunga shuka lake vizuri begani, akatoka na watu wake. Kuanzia kesho yake tukawa tunanunua maziwa ya pakiti.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Wakaja watu na futi ya kupimia, wakapaka alama nyekundu kwenye nguzo za malango yetu, wakaenda, na hawakurudi. Nilipokwenda kuuliza nilimkuta mwanamke mmoja ofisini, mpole vilevile, akaniambia pesa zikishatoka kwenye mfuko huingia kwenye chungu kikubwa, na chungu kikubwa kina wenyewe. Mwaka ule chungu kilijenga ukuta mpya wa kuzunguka ofisi, na bustani yenye taa. "Lakini mama," akasema, "si nyinyi wenyewe mliomba?" Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Silanga haikuchimbwa, mitaro haikuchimbwa, na taa za bustani zinawaka mpaka mchana.

Nyumba yangu haikupata miguu, na ng'ombe wa Mama Resian walihitaji yao. Kiangazi kilikuja kirefu. Tuliwaona wakipita kandokando ya barabara ya Namanga, mbavu nje, wakisukumwa kuelekea wasikojua. Nilikuwa nafunga dirisha. Nilijiambia ni vumbi.

Mwanangu, mimi nimezaliwa Ukambani. Nimekua nikichimba maji mchangani kwa kibuyu kilichokatwa, nikiinama mpaka kichwa kinaingia shimoni, nikingoja maji yajikusanye. Kule kwetu, ukimaliza kuchota ulifunika shimo kwa matawi ya miiba ili punda wasiingie wakalichafua. Ulifunika hata kama ndoo zako zimejaa. Ulifunika hata kama umehama na hutachota pale tena. Aliyekuja nyuma yako aliyaondoa matawi, akachota, akafunika. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Mtoto aliyeacha shimo wazi alichapwa na yeyote aliyemkuta, na mama yake alishukuru. Ndiyo sababu nikijifikiria najichukia. Angekuwa mtu aliyezaliwa na mfereji jikoni, ningesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini mimi nilimjua mwenye kiu. Nilikuwa yeye. Nikanunua ploti, nikaletewa bomba, na nikaiacha miiba pembeni.

Msimu wa bajeti uliofuata tukasikia neno jipya. Sasa wakubwa wa kaunti walitaka kukiondoa kabisa kile kipengele cha sheria kilichotupa ufunguo, ili pesa za tabianchi zisiwe na kufuli tena, ziingie chunguni moja kwa moja. Ningeweza kukaa kimya. Nilikaa kimya kwa muda. Halafu nikapanda bodaboda mpaka Kisaju, na njia nzima nilikuwa natamani pikipiki iharibike.

Mama Resian alinikaribisha. Watu wale hawamfukuzi mgeni hata kama mgeni anastahili kufukuzwa. Aliniletea chai, na ilikuwa ya rangi. Katika nyumba ile, Mutheu, nilikuwa sijawahi kupewa chai isiyo na maziwa. Aliiweka mbele yangu kwenye kile kikombe cha bati nilichokizoea, nami nikaitazama.

"Kunywa," akasema. "Maziwa hakuna. Hii ndio iko."

Nikamwambia nimekuja kusema pole.

"Ulisema ng'ombe ako na miguu," akasema. "Ni ukweli. Zangu zilitembea. Zilitembea mpaka huko mbele ya Isinya, zikalala."

Sikulia mbele yake. Ningelia, ingekuwa ni kumwomba anibembeleze, na nilikuwa nimeshachukua vya kutosha kutoka kwake. Nikanywa chai ile yote. Kisha nikamweleza habari za sheria, na kwamba wakubwa watakaa kusikiliza watu mjini Kajiado, na kwamba peke yangu hawatanisikiliza. Akauliza kama nitasimama mbele ya wale watu wangu wa ploti niseme kwamba nilikosea. Nikasema nitasimama. "Haya," akasema. "Mimi nitakuja kuona."

Siku ya kikao hicho cha Kajiado ulikuwa chuoni na nilikueleza kwa simu kwa maneno mawili tu. Sasa nakueleza vizuri. Tulijaa ukumbini, wafugaji upande mmoja na watu wa ploti upande mwingine, wanatazamana kama wakwe waliogombana. Nilipopewa nafasi nikasema kufuli iachwe. Hata sijamaliza, mmoja wa wale wakubwa mezani akatabasamu, akasema, "Lakini mama, si wewe ulituambia ng'ombe ana miguu?" Na wenzake wakacheka. Maneno yangu yalikuwa yamefika Kajiado kabla yangu. Walikuwa wakiyasimulia wakila chakula cha mchana. Nikaelewa jinsi Mama Resian alivyojisikia siku ile, tofauti ikiwa yeye hakustahili.

Ndipo Mama Resian akasimama bila kupewa nafasi. Hakuinua sauti.

"Huyu mama alikosea," akasema. "Kama mimi nimemsamehe, bado. Hiyo ni maneno yetu na yeye. Lakini hapa tumekuja pamoja, na hiyo kufuli hamtatoa. Aliwasikiza akiwa na hasira, mkamtumia. Sasa hasira imeisha."

Halafu fundi mmoja wa mtaani kwetu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema jambo lolote nje ya saruji, akavuka akaenda kukaa upande wa wafugaji. Wakamfuata wengine. Hakuna aliyepiga kelele. Wale mezani waliacha kucheka, wakaanza kunong'onezana.

Tulishinda. Kipengele kimebaki, kufuli ipo. Na ushindi wenyewe ndio huu: fungu lililofungiwa wamelipunguza hata likawa haliwezi kuchimba shimo la maana, na pale silanga ilipokuwa ichimbwe sasa pana vigingi vya ploti. Shemeji za Mama Resian waliuza, maana ardhi isiyo na maji na isiyo na ng'ombe ni ya kuuza tu. Wamenunua watu kama sisi. Watajenga, wataweka bomba, na masika yakija watalia maji yameingia, kisha atakuja kijana mpole kuvua viatu mlangoni. Maziwa hajarudi kuniletea. Tukikutana sokoni tunasalimiana, anauliza habari yako, na anapita. Watu husema muda huponya. Mimi naona muda hupita tu.

Sasa wewe. Najua unavyonijibu moyoni: mimi si kama hao, Mum. Najua. Nimekulea, na ukiambiwa uibe utakataa, hata wakikutisha na kazi. Lakini hakuna atakayekutuma kuiba. Watakutuma kwenda kusema pole. Watangoja mahali pamefurika au pamekauka, watu wakiwa wamechoka na wameanza kuoneana kijicho, kisha watamtafuta mtu mwenye moyo laini na sura ya adabu aende akanywe nao chai. Yule kijana wa gambuti hakuwa mwizi. Alikuwa na huruma ya kweli, nami hadi leo naamini alidhani mitaro itachimbwa. Ana mama yake mahali fulani, na siku alipopata kazi ile alipigiwa makofi kanisani.

Kwa hiyo ukijikuta unasikitika na mtu, simama kidogo ujiulize huzuni yako inafungua mlango wa nani. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na umri huu wote na hasira ikanipita akili. Na usidhani utapambana nao peke yako mle ndani. Hutaweza. Meza ile ni kubwa na wewe ndio kwanza unaonyeshwa kiti. Unachoweza ni kutuambia mapema, kwa maneno ya kueleweka, pesa zinapoanza kutafutiwa safari. Tulichelewa kila mara kwa sababu aliyejua alinyamaza na aliyesema hakujua.

Na watakutuma hapa. Usijidanganye, ndiyo sababu moja ya wewe kuajiriwa. Mtaa huu unakupenda, wafugaji wanakujua kwa jina, na wakubwa wako si wajinga. Siku moja watakuleta Kitengela kutuomba tukubali kitu, na watakuweka mbele kwa sababu wewe ni mtu wetu.

Siku hiyo usinipigie simu kunibembeleza, wala usitume mtu. Utanikuta nimekaa mstari wa mbele, karibu na Mama Resian, ikiwa atakubali nikae karibu naye. Sitakuita Mutheu, nitakuita afisa. Nitakuuliza maswali mpaka kitambaa chako kilowe jasho, na watu wakikucheka sitawanyamazisha. Ukishindwa nitafurahi, na utaiona furaha hiyo usoni mwangu. Mkutano ukiisha, wenzako wakapanda gari lao, wewe njoo nyumbani ule. Nitakuwa nimepika kabla ya kwenda.

Mamako